Kopo la Kumpimia Mama

Tulipomaliza kumzika wifi yangu Namsifu, mwezi uliopita, wali ukaja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa kivuli, na binti mmoja ambaye sikumfahamu akapiga goti, akaninawisha mikono, akaniwekea mapajani sahani iliyojaa mpaka ukingoni, wali na ndizi za nyama na kipande cha tikiti maji, kisha akanifungulia soda nyekundu akaiweka karibu na mguu wangu. Siku chache kabla ya hapo muuguzi wa hospitalini Same alikuwa amenitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akaniambia kwa sauti ya kunihurumia, "Bibi, una kisukari. Kuanzia leo ugali ni saizi ya ngumi yako, wali wa kuonja tu, soda uisahau." Niliitazama ngumi yangu, ambayo uzee umeinyausha ikawa kama ya mtoto, nikacheka peke yangu, na muuguzi akadhani habari zile zimenivuruga akili. Hakujua kwamba hayo masharti niliyasikia kabla mama yake hajazaliwa. Sasa msibani nimeshika sahani, sili. Yule binti akapita tena, akaniona, akasema kwa utani, "Bibi, mbona huli? Au una wasiwasi na mapishi yetu?" Wanawake waliokaa karibu wakacheka. Kuna wakati kule kwetu maneno hayo hayakuwa utani, na mtu mmoja niliyempenda alikufa kwa kuyaogopa.

Niliolewa na Eliudi wakati wa Mwingereza, nikiwa msichana ambaye hata kusuka nywele zangu vizuri bado sijui. Eliudi alifanya kazi ya kupokea mizigo stesheni ya reli Same, akakaa huko katika chumba kimoja cha bati chenye joto la kuokea mkate, na mimi nikaachwa mlimani kwa mama yake, kama ilivyokuwa desturi. Kwetu bi harusi hakutumwa kuni wala maji miezi ya mwanzo. Alikaa ndani akalishwa, na wa kumlisha ni mama mkwe. Mama mkwe alipimwa kwa mke wa mwanawe: bi harusi akitoka ndani amenenepa na ngozi inang'aa, watu walisema mama yule ana moyo, akitoka mifupa mitupu, aibu ilikuwa ya mama. Mama Eliudi hakuwa mtu wa kukubali aibu. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kubeba mkungu mzima wa ndizi bila kuinama, na alinilisha kama mtu anayejaza ghala. Asubuhi uji wa maziwa, mchana makande yaliyolazwa na kuchemka mpaka yanakuwa laini, jioni ndizi zilizopondwa na maharage na samli juu. Nikisema nimeshiba anasema, "Umeshiba wewe. Huyo anayekuja je?" Wakati huo hakuna aliyekuwa anakuja, lakini alishamhesabia. Dari la jikoni lilikuwa limepangwa mikungu ya ndizi zikiivishwa na moshi, na harufu yake tamu ilishuka mchana kutwa. Niliipenda harufu ile. Siku hizi nikipita sokoni kwenye meza za ndizi mbivu nabana pumzi.

Alichokifanya Mama kila alipoleta chakula nilikiona cha kawaida, maana nyumbani kwetu pia tulifanya hivyo. Alichota kwanza yeye, akala mbele yangu, akameza, ndipo akanipa. Mwanamke aliyeolewa ametoka ukoo mwingine, na chakula cha mtu wa ukoo mwingine huonjwa na aliyekipika ili kila mmoja ajue hakina sumu. Na ukishaonjewa, huwezi kukataa. Kukataa ni kusema, nimekuona ukionja lakini bado nakujua kuwa mchawi. Watu walihama vitongoji kwa sababu ya bakuli moja lililokataliwa.

Mvua za masika zilipoisha nilikuwa nimeshapata mimba, na nilikuwa nimenona kweli kweli, kanga hainitoshi. Ndipo nikaanza kuona kwamba Mama anapungua. Kwanza alianza kunywa maji. Alikunywa kibuyu kizima akisimama, akapumua, akachota kingine. Kisha mabega yakashuka, gauni la kanisani likawa linamning'inia, na njia ya kwenda nyuma ya nyumba ikawa haipoi kwa kwenda kwake haja ndogo. Ukweli ni kwamba majirani waliona kabla yangu. Nilikuwa nimekaa karibu na ukuta wa nyuma nikichambua maharage, na nje wanawake wawili walikuwa wakikata majani ya ng'ombe. Mmoja alisema, "Umemwona yule bibi harusi? Anang'aa kama sufuria mpya." Mwingine akajibu, "Na mkwewe je? Nyama ya mmoja inahamia kwa mwingine." Yule wa kwanza akasema polepole, "Anamla." Nilibaki na maharage mkononi. Nilijishika tumbo na mapaja, na kwa mara ya kwanza nikaona aibu ya unene wangu.

Eliudi alipokuja likizo akamwona mama yake, hakungoja ushauri wa mtu. Tulimteremsha mpaka Kisiwani, kijiji cha chini ya mlima, tukapanda lori la kwenda Same, na mimi nikafuatana nao kwa sababu Mama alisema haendi mahali ambapo hakuna mtu wa kumfulia. Hospitalini kulikuwa na daktari Mzungu aliyesema kwa mkato, na msaidizi wake, kijana wa Ugweno, aliyetutafsiria kwa heshima yote. Kijana alichukua mkojo wa Mama, akautia matone katika kibomba cha kioo chenye dawa ya buluu, akakichemsha juu ya moto. Tukasimama kutazama. Ile buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikatulia kwenye rangi ya tofali. Daktari akatikisa kichwa. "Mama," kijana akasema, "mkojo wako una sukari." Mama alimtazama, kisha akacheka kile kicheko chake kikubwa ambacho nilikuwa sijakisikia kwa muda. "Mwanangu, sukari mimi nainunua dukani kwa Mhindi kwa kubembeleza. Nitaimwagaje chini?" Hata daktari alicheka, ingawa sidhani kama alielewa.

Walisema sindano zipo, lakini ni za kila siku na lazima mgonjwa akae karibu na hospitali. Mama akauliza nani atasimamia zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, na mazungumzo ya sindano yakaishia hapo. Basi tuanze na chakula, wakasema. Sukari hapana, asali hapana, ndizi mbivu hapana, muwa hapana. Mboga za majani ale atakavyo, mayai, maharage, maziwa mgando. Makande na ugali ale, lakini kwa kipimo. Kijana wa Ugweno akaingia ndani, akarudi na kopo tupu la maziwa matamu, limeoshwa, limetolewa karatasi. Akanipa mimi, si Mama wala Eliudi. "Wewe ndiye unayekaa naye jikoni," alisema. "Kopo moja, limesawazishwa juu, kila mlo. Usimwonee huruma." Kisha akasogea karibu akashusha sauti, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la aibu kidogo mbele ya mkwe. "Hutakuwa na dawa ya buluu kule juu. Tazama mahali anapojisaidia. Sisimizi wakikusanyika, sukari ipo. Wakiondoka, unafanya vizuri."

Hivyo ndivyo mambo yalivyogeuka. Yule aliyenijaza mimi, sasa mimi ndiye wa kumpunguzia. Jioni ya kwanza mlimani nilichota makande kwa kopo, nikapitisha kidole juu kusawazisha, nikamwagia kwenye bakuli lake. Yalifika chini tu, yakajikusanya upande mmoja. Nikaongeza lundo la mboga ya mnafu na yai la kuchemsha, lakini bakuli lilionekana tupu vilevile. Mama alilishika kwa mikono miwili akalitazama. "Hivi ndivyo wanavyowapimia manamba posho kule kwenye mkonge," alisema. Hakusema kwa hasira, lakini nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akala, akalamba vidole, akaniambia, "Ongeza kidogo, mwanangu." Nikasema, "Mama, kijana alikataza." Akasema, "Kijana yuko Same." Sikuongeza. Alinitazama muda mrefu, nikaona uso wake unajaribu mambo mawili kwa pamoja, kukasirika na kucheka, na kucheka kukashinda. "Nimemwozesha mwanangu binti mwenye kichwa kigumu," alisema. Tangu siku hiyo kila mlo alisema ongeza kidogo, nami kila mlo nilikataa, ikawa kama salamu yetu.

Asubuhi, kabla hajaamka, nilizunguka nyuma ya nyumba kutazama. Mwanzoni walikuwepo, sisimizi wekundu wadogo, wamejaa mahali pale wakisukumana kama watu waliomwagiwa sadaka. Baada ya majuma kadhaa ya kopo wakaanza kupungua, na asubuhi moja nikakuta ardhi tupu, na mjusi mmoja tu amekaa anaota jua. Nililia pale pale, mimba yangu imenitangulia mbele. Mama akaacha kunywa maji kama ng'ombe wa Kisiwani. Akarudi kushika jembe, akarudi kuwapigia kelele watoto wanaokatiza migombani mwake. Kuna siku alikwenda kumjulia hali jirani aliyejifungua, na kesho yake nikawakuta sisimizi wamerudi. "Mama, jana ulikunywa chai," nikamwambia. Akashangaa, akauliza nani kaniambia. Nikamwonyesha kwa kidevu upande wa nyuma ya nyumba. Alicheka mpaka akakaa chini. "Sisimizi wako wambea," alisema. Kisha akaacha kucheka akasema, "Ningekataaje, Nakundwa? Alionja mbele yangu. Alikuwa ameweka sukari vijiko vyote alivyonavyo kwa kuniheshimu."

Aliyenichukia alikuwa Namsifu, binti yake wa kwanza, aliyeolewa kitongoji cha pili. Simlaumu tena. Alikuwa anampenda mama yake, na alichokiona kwa macho yake ni bi harusi mnene anayesawazisha kopo la makande kwa kidole mbele ya mama aliyekonda. Alikuja siku moja na kikapu cha ndizi mbivu, nikakipokea, nikakiweka kando. Alipoona sikumpa mama yake hata moja alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wifi, kwenu mlikuwa mnampimia nani chakula? Mbwa?" Mama alimkemea, akamweleza habari ya daktari, ya kibomba, ya rangi ya tofali. Namsifu alisikiliza yote. "Mama," alisema, "ulikuwa na nguvu zako mpaka huyu alipoingia humu ndani." Hakuna dawa ya buluu ya kujibu maneno kama hayo. Na watu wengi walifikiri kama yeye, ila yeye tu ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusema mlangoni.

Nilijifungua masika ilipoanza, mtoto wa kiume, katika chumba kile kile nilimolishwa. Mzazi kwetu hakutoka nje mpaka siku zake ziishe. Kwa hiyo kazi ya jikoni ikarudi kwa Mama, na kopo likabaki limetundikwa kwenye msumari nikiliona kutoka kitandani kila mlango ulipofunguliwa. Chakula cha mzazi si mnafu na yai. Ni uji mzito wa ndizi mbivu uliopondwa kwa maziwa, na asali juu, mara nyingi kwa siku, ili maziwa yashuke. Na anayepika ndiye mama mkwe, na mama mkwe huonja. Siku ya kwanza Mama aliingia na kibuyu, Namsifu na wanawake wengine wamekaa kwenye mkeka kumwona mtoto. Mama akagusisha mdomo tu kwenye uji, akanipa. Namsifu akasema taratibu, akitazama sakafu, "Mama, onja vizuri. Watu wasije wakasema mna jambo baina yenu." Nilielewa hapo hapo. Maneno yalikuwa yameshazunguka kijiji na kurudi: kwanza nilikuwa mimi ninayemla yeye, sasa watu walikuwa wanangoja kuona kama yeye atalipiza. Mama alielewa kabla yangu. Akachukua kata, akachota ikajaa, akanywa yote mbele yao, akameza, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

Alifanya hivyo kila mara. Wanawake walikuja kwa zamu kuona mtoto, na kila waliokuja lazima waone. Tulipobaki wawili nilimshika mkono. "Mama, usionje. Mimi nakuamini." Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani, akimpuliza usoni kumtoa inzi. "Si wewe wa kuamini," alisema. "Wewe unaniamini. Ni wao. Siku nikiacha kuonja na mtoto huyu akaumwa hata mafua, watasema nini? Na wewe utaishi vipi katika nyumba ambayo wanasema bibi yake alitaka kuwaua?" Nikamwomba apike uji bila asali. Wanawake wakasema maziwa yatakauka, wakaleta asali wao wenyewe. Nikajifanya nimeshiba, kibuyu kikarudi kimejaa, ikawa balaa kubwa kuliko yote, maana sasa mimi ndiye niliyekataa kilichoonjwa. Nikala. Nililala pale nikinenepeshwa mara ya pili, na kila kata niliyokunywa nilijua yeye ametangulia na yake. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena maishani, hata miaka ya njaa, hata Eliudi alipokufa. Ni hofu ya kumwona mtu anatembea kuelekea shimoni na wewe umefungwa kwa taratibu nzuri nzuri za ukarimu.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba sikuweza kuona sisimizi. Nilisikia nyayo za Mama zikienda nyuma ya nyumba, zikirudi, zikienda tena, na maji yakichotwa mtungini. Asubuhi moja Namsifu alikuja peke yake. Nikameza kiburi changu chote. "Wifi," nikamwambia, "nakuomba jambo moja. Zunguka nyuma, mahali anapokwenda Mama. Tazama kama kuna sisimizi." Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu kichafu. "Sasa unamchunguza mama yangu hata huko?" Hata hivyo alitoka. Nilisikia hatua zake zikizunguka nyumba, zikasimama. Akarudi, akasimama mlangoni, mwanga nyuma yake, sikuuona uso. "Hakuna sisimizi," alisema. "Umempimia vya kutosha, wifi. Sasa mwache ale." Nami nikamwamini, kwa kuwa nilitaka kumwamini, na nikalala usingizi mzuri mchana ule kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Siku zangu zilipoisha nilinyolewa, nikaogeshwa, nikatolewa nje na mtoto wangu, wanawake wakapiga vigelegele. Kabla hata ya kukaa kwenye kiti nilichowekewa nilizunguka nyuma ya nyumba. Sisimizi hawakuwa kundi tena. Walikuwa njia nzima, nyekundu, imetoka chini ya jiwe la msingi na kupita kwenye majani mpaka pale, na hapo wametanda huoni udongo. Vigelegele vilikuwa bado vinasikika upande wa mbele. Nilirudi nikamtafuta Mama kwa macho, nikamwona ameegemea nguzo, anatabasamu, kidole cha mguu amekifunga kitambaa. Alikuwa amejikwaa kwenye jiwe, akasema, si kitu. Nilikifungua kile kitambaa. Kilikuwa ni kitu: kidole kilishakuwa cheusi. Na alipoinama kunikataza, pumzi yake ikanipiga usoni, na ilinukia ndizi mbivu, ile ile harufu ya dari la jikoni.

Wanaume wanne walimbeba kwa machela, njia inateleza kwa mvua, Namsifu na mimi nyuma, mtoto mgongoni mwangu. Nilikuwa nimelitungua lile kopo kwenye msumari nikalifunga kwenye pembe ya kanga, na kila hatua lilinigonga kiunoni. Tulipofika Kisiwani lori lilikuwa bado, na familia moja iliyotufahamu kanisani ikatukaribisha uani. Wenyewe walikuwa wafugaji kidogo na wakulima kidogo, watu wema. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alipoona mgonjwa kwenye machela alikimbilia jikoni, akatoka na chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, nzito, na nilisikia kijiko kikikoroga kwa muda mrefu chini, ujue sukari ni nyingi. Akasimama mbele ya Mama, akapiga funda mbele yetu wote kama inavyotakiwa, akamnyooshea kwa mikono miwili. Watu walikuwa wamejaa uani. Mama alikuwa kama amelala tangu tuanze kushuka. Akafumbua macho. Akatazama kikombe, akamtazama yule mama, na nilijua atakipokea, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kukataa.

"Nisamehe, mama," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilifika uani kote. "Chai yako ni nzuri na moyo wako ni safi. Lakini mimi silishwi na mtu yeyote ila mke wa Eliudi. Mpaka anipimie." Akageuza kichwa. "Nakundwa. Kopo liko wapi?"

Fundo la kanga lilikuwa limekaza kwa mvua, nikashindwa kulifungua. Ni Namsifu aliyelifungua. Alilifungua fundo, akatoa lile kopo, akalishika kidogo, akanipa. Yule mwenye nyumba hakukasirika. Aliingia ndani akarudi na maziwa matupu, sijui alielewa nini. Nikamimina kopo moja, nikalisawazisha, ingawa maziwa hayahitaji kusawazishwa, nikamnyanyua kichwa akanywa. Alipomaliza alinitazama, na macho yake yalikuwa na ule utani wetu. "Ongeza kidogo," alisema. Nikasema, "Hapana, Mama." Akafumba macho, ameridhika. Lori lilitufikisha Same, wakampokea, kijana wa Ugweno mwenyewe akakimbia na kibomba chake, sindano zikachomwa, lakini Mama hakufumbua macho tena. Tulirudi kumzika mlimani. Tangu siku ile hakuna mtu aliyesema tena kwamba nilimla. Walisema ni mimi pekee ambaye Mama alikubali nimlishe. Alinipa jina jema uani kwa watu, kwa pumzi aliyobakiwa nayo, na mimi ningelirudisha siku ile ile kama lingenunua hata wiki moja yake.

Namsifu alikuja kwangu Same miaka mingi baadaye, wote tukiwa wajane, na mguu wake umevimba. Alikaa jikoni, akatazama huku na huku, akasema kama anayeomba chumvi, "Wifi, lile kopo bado unalo?" Nilikuwa nalo. Lilikuwa limeingia kutu kwenye mshono, lakini halikuvuja. Nilimpimia miaka yote iliyobaki, makande, ugali, wali wa sikukuu, na yeye hakuwahi kuniomba niongeze, hata mara moja. Tulikuwa tukila mchana mmoja alipoacha kijiko, akasema bila mimi kumuuliza chochote, "Siku ile nilitazama." Nikaweka bakuli langu chini. "Walikuwepo," akasema. "Wengi. Lakini wewe ulikuwa mgeni na wale ni sisimizi tu. Sikutaka wamjue mama yangu kuliko mimi ninavyomjua." Nilikasirika? Nilikasirika mpaka nikaona giza. Kisha nikaona bakuli lake, lile lundo dogo chini, na kijiko alichokiweka kando kwa heshima akingoja nimruhusu kuendelea. Nikamwambia, "Kula, wifi, kitapoa."

Ndiyo maana msibani kwake nilipoulizwa kama nina wasiwasi na mapishi, nilichelewa kujibu. Yule binti alikuwa bado amesimama, tabasamu linaanza kumtoka, kwa sababu hata siku hizi, hata na viti vya plastiki, kuna woga ambao haujaondoka kwenye sahani. Nikamshika mkono. "Mapishi ni mazuri, mwanangu," nikamwambia. "Ila mimi huwa napimiwa." Akauliza kwa upole, "Unapimiwa na nani, Bibi? Nimwite?" Nikageuka kabisa, nikatazama ule mkusanyiko, vichwa vyote vile, watoto na wajukuu wa Mama, nikitafuta mtu mmoja tu anayejua ninalolisema. Kaburi la Namsifu lilikuwa bado na mashada mabichi. La Mama liko hatua chache juu yake, migomba imelizunguka. Nikamrudishia binti sahani, nikamwambia asijali.

Nilirudi Same jioni ile ile. Asubuhi nilichemsha makande, nikachukua kopo, nikachota, nikapitisha kidole juu, nikamwagia kwenye bakuli. Yalijikusanya upande mmoja, kama siku zote. Nilikula yote, nikakaa na bakuli tupu mapajani. "Ongeza kidogo," nikasema kwa sauti, nijisikie tu nikisema. Nikangoja mtu anikatalie.